Sauti ya Mwalimu Kitwana

Hapo zamani, wala si ile ya sungura na fisi, zamani ya juzi tu, mwalimu wa kompyuta aitwaye Kitwana alifariki akamwacha mkewe, Mwanahawa. Kabla hajakata kauli alimwambia, "Nimekurekodia maneno humo kwenye kompyuta." Hakusema wapi.

Miezi ikapita. Mwanahawa akaanza kuisahau sauti ya mumewe, na hilo lilimuuma kama msiba wa pili. Kompyuta nayo ilikuwa kongwe, haifungui kitu ila skrini nyeusi ya kuandikia amri. Akawaita wanafunzi watatu wa marehemu wamtafutie maneno hayo. Zoezi la mwisho alilowaachia mwalimu lilifaa kazi hiyohiyo: kuunda programu ndogo ya kuorodhesha mafaili. Wakagawana kazi.

Shemsa aliandika programu yenyewe, ikaingia kila folda, ikataja kila jina. Ngeleja alipewa kazi ya kuficha majina yanayoanza na nukta, maana ndiyo desturi ya mafundi: faili lenye nukta mbele halionyeshwi. Ngeleja, msahaulifu tangu azaliwe, akasahau.

Majina yakajaa skrini, yakapita mbio hata jicho halishiki. Mwanahawa akajua ndiyo basi tena. Ndipo Tuma, yule wa tatu, alipoongeza amri yapangwe kwa tarehe, la karibuni litangulie. Likatangulia moja lenye nukta mbele: Kwa Hawa. Mwalimu alikuwa mtu wa haya, maneno ya chumbani hakuyaacha wazi.

Wakalifungua. Sauti ikasema polepole, na kikohozi chake kilekile: "Hawa, mke wangu, usiache kula kwa sababu yangu. Kompyuta hii mpe atakayekufikisha hapa."

Mwanahawa akalia, akaomba irudiwe, akalia tena.

Shemsa akasema, "Mama, bila programu yangu tungepanga nini?"

Tuma akasema jina lilikuwa limeshawapita wote machoni, yeye ndiye aliyelirudisha.

Ngeleja akasema alipoulizwa, "Mimi nilikosea tu, Mama. Ila ningekuwa mwangalifu, lisingeonekana."

Mwanahawa akakumbuka kwamba kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Akawatazama watatu hao, wote anawapenda. Lakini kompyuta si muwa ikatwe pingili, na wasia wa mume hauvunjwi.

Haya, nyinyi mnaosikiliza, msininyamazie. Aliyeifungua njia, aliyesahau kuiziba, na aliyeiona: je, ni nani aliyemfikisha Mwanahawa kwa mumewe?