Mashati Mia Moja Kapuni

Wahenga hawakutuamuru tumpende kila mtu. Walijua moyo si mbuzi wa kuvutwa kwa kamba. Walichotutaka ni kimoja tu: hata yule unayemwona si chochote si lolote, yule ambaye hata salamu yake inakukera, lililo lake mpe. Ukidhani hilo ni jambo jepesi, sikiliza yaliyomkuta mkaguzi wa kiwanda kimoja cha sare za shule, kisha ndipo useme.

Kiwanda chenyewe kilikuwa chumba kimoja kirefu chenye vyerehani sita, madirisha yaliyokwama na harufu ya mafuta ya mashine. Mafundi walishona mashati meupe, na kila fundi alitia fundo la uzi wa rangi yake chini ya kola ili shati likiharibika ajulikane mwenyewe. Kila shati lilipita mezani kwa mkaguzi, mwanamke wa makamo, futi shingoni na mkasi mkononi. Mshono uliopinda, kola iliyojikunja, tundu la kifungo lililokaa upande, hakuna kilichompita. Shati likifaa lilikwenda stoo. Likikosea lilitupwa kapuni.

Kwenye cherehani cha tatu alikaa mwenye uzi wa njano. Mafundi walimwita Bi Kisirani, kwa sababu alifika wa kwanza, akaondoka wa mwisho, na katikati hakucheka na mtu. Mkaguzi hakumwita kwa jina lolote. Huyo alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake, aliyemwacha kaka mtu kitandani akiugua mgongo, akabeba mtoto wao na virago vyake, akaenda zake. Miaka mitatu walikuwa wanakaa hatua sita kutoka meza hadi cherehani, na hawakuwa wamebadilishana maneno yasiyo ya kazi. Mkaguzi alimchukia, tena hakuficha.

Siku moja mwenye kiwanda aliingia amevimba kwa hasira.

"Mama, mashati mia moja kapuni ndani ya mwezi mmoja! Tunashona au tunacheza?"

"Nimeyaona, bosi."

"Oda zenyewe zimepungua. Mafundi sita ni wengi, mmoja ataondoka Ijumaa. Ila sitaki kusikia 'nasikia' wala 'inasemekana'. Nataka takwimu. Zibandike ukutani, kila mtu azione."

Mkaguzi hakulaza damu. Jumanne alilimwaga kapu lote sakafuni na kuanza kuyapanga mashati kwa rangi za nyuzi. Kwa kila shati alichora kijiti kwenye karatasi. Vijiti vinne vikisimama, cha tano alikilaza juu yake kama komeo la mlango, ili kuhesabu kwa tano kuwe rahisi. Alipomaliza alijumlisha: kumi na tano, kumi na nne, kumi na sita, kumi na tatu, uzi wa buluu kumi na nane. Uzi wa njano ulikuwa na mashati ishirini na manne.

Alirudia kuhesabu. Ishirini na manne! Alichukua rula, akachora grafu ya nguzo sita, na nguzo ya wifi ikazizidi nyingine zote kimo. Aliipaka rangi taratibu, kwa raha zake.

Mwenye uzi wa buluu alikuja kuchungulia begani. Huyu walimwita Chiriku, shoga yake mkaguzi wa chanda na pete, ambaye mdomo wake ulikwenda kasi kuliko cherehani chake.

"Weee! Hapo umempata," Chiriku alisema, akapiga vigelegele vya chinichini. "Mungu si Athumani, shoga yangu. Bandika leo leo!"

"Ijumaa ndiyo siku yake," mkaguzi alijibu, lakini alikuwa anatabasamu.

Adhuhuri ile wifi alisimama kwenda kuchukua furushi jingine la vitambaa vilivyokatwa. Alipopita mezani macho yake yaliangukia ile grafu. Alisimama. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu alimwangalia mkaguzi usoni.

"Unatuhesabu, wifi. Sawa, ni kazi yako," alisema kwa sauti ya chini. "Ila hesabu yote."

Akaenda zake na furushi lake. Mkaguzi alibetua midomo. Maneno ya mfa maji hayo! Lakini jicho lake, lililozoea kutafuta kasoro, lilikataa kutulia. Hilo lilikuwa furushi la tatu la wifi tangu asubuhi. Chiriku alikuwa bado na la kwanza, tena limemjaa mapajani huku akisimulia harusi ya jirani. Mshahara ulikuwa wa mwezi, sawa kwa wote, kwa hiyo hakuna aliyewahi kujisumbua kuuliza nani ameshona mangapi.

Ishirini na manne katika mangapi? Swali lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alijaribu kulimeza. Bosi ametaka kujua yaliyoharibika, na yaliyoharibika si hayo? Nani atamlaumu? Hakuna. Angebandika karatasi ile, wifi angefunga virago, na yeye angelala usingizi wa pono. Alijua pia kwamba angekuwa amesema uongo kwa kutumia namba za kweli, na kwa kuwa alimchukia mwongo hata kuliko wifi, alikasirika, akachukua ufunguo wa stoo.

Mashati yaliyofaa yalikuwa bado yamo humo, yakisubiri kuchukuliwa Jumamosi. Daftari la stoo lilisema ni elfu moja mia mbili na thelathini, bila kutaja ya nani. Dawa ilikuwa moja: kuinua kola ya kila shati. Alianza Jumatano asubuhi. Kola, uzi, kijiti. Kola, uzi, kijiti. Kufikia jioni vidole vilikuwa vimekufa ganzi na mgongo unamlilia. Alhamisi akaendelea, na alipojumlisha akapata elfu moja mia mbili ishirini na moja. Yamepungua tisa!

"Achana nayo, bibi we!" Chiriku alimwambia mlangoni. "Tisa katika elfu ni nini?"

"Ni tisa," mkaguzi alisema, akaanza upya. Aliyakuta jioni, yameteleza nyuma ya rafu, yote tisa ya uzi wa njano. Hapo alicheka mwenyewe kwa uchungu.

Ijumaa karatasi ilibandikwa ukutani. Ilikuwa na jedwali: walioshona, jumla ya mashati, yaliyokataliwa, na mangapi katika kila mia. Chini yake ilichorwa grafu mpya. Watu wote waliacha mashine wakasogea. Mafundi wanne walikuwa na saba na kidogo katika kila mia. Wifi alikuwa ameshona mashati mia nne, karibu mara mbili ya mwingine yeyote, na yake yaliyoharibika yalikuwa sita katika kila mia. Ilikuwa nguzo fupi kuliko zote. Chiriku alikuwa ameshona mia moja na hamsini, na nguzo yake ilifika kumi na mbili.

Mwenye kiwanda aliisoma mara mbili. "Mama, una hakika?"

"Kila kola nimeiinua kwa mkono wangu."

Chiriku alikusanya mkasi na futi yake huku machozi yakimdondoka. "Yaani umenitosa mimi kwa ajili ya yule?"

"Shoga yangu, mimi nilihesabu tu," mkaguzi alisema. Alilia waziwazi, mbele ya watu. Alikuwa amempoteza rafiki, na aliyemwokoa hakuwa rafiki.

Chumba kilipotulia, wifi alisogea mezani. "Ahsante, wifi."

"Sikupendi, ujue. Hata leo."

"Najua. Hata mimi sikupendi."

"Basi lete hayo mashati yako niyakague."

Wifi aliweka mzigo wa asubuhi mezani. Mkaguzi alifuta macho kwa kiganja, akageuza shati la kwanza, akalivuta mshono kwa nguvu zote. Halikuwa na kasoro, akalipeleka upande wa yaliyofaa. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.