Mpaka wa Jimbo la Matopeni

Paukwa!
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa jimbo, lenye mto mmoja na mbunge mmoja.
Haya, kaeni vizuri. Hii haichekeshi sana.

Mbunge wa Matopeni alikuwa Kiboko, na sheria yake ilikuwa moja: mpaka hauvukwi. Nyati ndio walikuwa askari wa mpaka, na pembe zao hazikujua jamaa. Mpaka wenyewe Kiboko aliuchora kama viboko wote wachoravyo. Aligeuza makalio, akatikisa mkia, pwata, pwata, pwata, mavi yakatapakaa mstari mzima.

Uchaguzi wa kwanza, Nyumbu walimnyima kura. Kiboko akashinda, akageuza makalio, pwata, pwata, pwata, Nyumbu wakabaki nje na mto ukabaki ndani. Uchaguzi wa pili, Nyani walimnyima kura. Akashinda, pwata, pwata, pwata, Nyani nje. Uchaguzi wa tatu ikawa zamu ya Nguchiro.

Mama Nguchiro alikuwa na watoto watatu. Kiangazi kilipokaza, wawili walikufa kwa kiu huku wakiyasikia maji. Wa tatu, Kichele, ulimi ulishaanza kumkauka. Mama alimchukia Kiboko, tena sana, lakini chuki haijazi kibuyu. Asubuhi moja akashuka mpakani, akasimama upande wa nje.

“Shikamoo, Mheshimiwa.”

“Marahaba. Wewe si nilishakutoa? Unataka nini?”

“Nimekuja kukupa pole. Nasikia safari hii wanaokupinga wamo humo humo ndani.”

Kiboko akauliza ni nani hao. Mama Nguchiro akamwambia anyamaze asikilize. Mtoni Vyura walikuwa wakiimba kama siku zote: krata, krata, krata.

“Huwasikii? Kataa, kataa, kataa.”

Kiboko akatega masikio. Miaka yote alikuwa akilala na wimbo ule. Sasa kila akiusikia unasema kataa. Siku tatu hakula. Akamuuliza Mama Nguchiro afanyeje, naye akajibu kwamba fundi wa mipaka ni Mheshimiwa mwenyewe, mnyonge kama yeye atamfundisha nini?

Basi Kiboko akatoka majini, akapanda kilimani pakavu, akageuza makalio, pwata, pwata, pwata, akajizungushia mpaka. Vyura wakawa nje, na mto wao nje. Uchaguzi wa nne alipata kura zote za jimbo, yaani ile yake.

Jua likapanda. Ngozi ikaanza kumpasuka, akataka kushuka mtoni ajiloweshe. Nyati wakainamisha pembe.

“Mpaka hauvukwi, Mheshimiwa.”

Akawaambia yeye ndiye mbunge. Wakasema wanajua, ndiyo maana wanamlindia jimbo lake. Siku ya pili alilia. Siku ya tatu akaanguka, puu, na hakuna aliyemzika, maana jimbo halikuwa na mwananchi mwingine.

Mama Nguchiro hakuyangoja hayo; mto ulipobaki nje tu, alimbeba Kichele hadi mtoni. Mtoto akanywa, akanywa, akanywa. Mama akageuka kuwaita wale ndugu zake wawili nao waje wanywe, na jina la kwanza likamtoka mdomoni kabla hajakumbuka.

Hadithi imekaukia hapo. Mwenye mate aiendeleze. Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Ng'ombe, sawa. Lakini nyie viongozi wetu, funzo ni hili: wasikilizeni wananchi, hata walio wadogo kabisa.