Jina Moja Nyuma ya Tela

Sogeeni, kuna ubaridi uliowasha moto ukoo mzima.

Atupele wa Tukuyu huuza parachichi za wakulima arobaini. Msimu uliopita tela la friji la kukodi liliharibika, likampikia mzigo njiani. Bandarini milango ikafunguliwa, ukamwagika uji. Tangu hapo wakulima hawakumwitikia salamu. Ilibaki nafasi moja: anunue tela lake la friji.

Akaenda yadi moja ya matela Dar es Salaam na binamu zake watatu. Mwasomola, fundi, husikia ugonjwa wa mashine kabla haijakohoa. Lusajo, dereva, shavu lake ni kipimajoto. Kisa, karani, hajui mashine yoyote. Ana maswali tu, nayo hayaishi.

Getini Atupele akaapa, mate yakiruka: "Haki ya Mungu, atakayeniepusha na tela maiti jingine, jina lake litaandikwa nyuma ya tela. Jina moja! Sitaki orodha ya kwaya!"

Tela la kwanza lilivumisha ubaridi hadi Atupele akatoa kalamu asaini. Mwasomola akainamisha kichwa. "Zima! Kompresa inagonga. Hii haifiki Morogoro." Ikafunguliwa: vyuma vimesagika.

"Unaniuzia jeneza?" Atupele akamfokea muuzaji.

La pili mashine iliimba vizuri, kipimo kikasoma nyuzi tano. Mwasomola akaridhika, kalamu ikatoka. Lusajo akajifungia ndani nusu saa, akatoka jasho tupu. "Dada, mbele baridi ya Kitulo, nyuma joto la Kariakoo! Hewa haifiki mlangoni."

La tatu sikio likakubali, shavu likakubali. Kalamu tena. Ndipo Kisa akauliza, "Kaka, tukizima gari kwenye foleni ya mizani kutwa nzima, mashine hii inakula nini?"

Muuzaji akajikuna. Ilitegemea injini ya gari; gari likizimwa, ubaridi nao unakufa.

"Mbona hukusema?" Atupele akafoka.

"Hamkuuliza, mama."

Atupele akavua kiatu. Ilibidi ashikwe.

La nne lilikuwa na injini yake ya dizeli. Likapita kwa wote watatu, likanunuliwa. Parachichi zikafika bandarini ngumu kama siku ya kuchumwa, na Tukuyu salamu zikaitikiwa.

Sasa mchoraji yuko nyuma ya tela, na matusi yanaruka.

"Mimi ndiye wa kwanza kumfumbua macho!" anasema Mwasomola.

"Ukapitisha la pili, fundi wa redio wewe!" Lusajo anamjibu.

"Na la tatu mkalipitisha wote!" anadakia Kisa.

"Wewe la kwanza ulisifia rangi!" Mwasomola anamgeukia.

"Nyamazeni!" Atupele anafoka, na hasira kubwa ni juu yake mwenyewe. "Mimi niliyetoa kalamu mara tatu niandikwe wapi? Chini ya matairi?"

Kiapo ni kiapo, na wakulima arobaini wamesimama kusoma. Brashi imeshachovywa, rangi inadondoka. Haya, wewe unayenisikiliza: mchoraji anakutazama. Utamtajia jina la nani?