Vidole Viwili vya Mkanda wa Pua

"Ukikaza mkanda wa farasi, acha vidole viwili." Ndivyo shangazi yenu alivyomwambia mumewe jana, huyo mume alipomfokea binti yao mbele za wageni, nanyi mkanikodolea macho kana kwamba mimi ndiye niliyeitunga methali hiyo. Sikuitunga, niliikuta. Ilianza hivi, na anayetaka kucheka acheke sasa, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha.

Zamani, farasi walipokuwa bado wakifugwa mjini kwetu, alikuwako bwana mmoja akiitwa Shekue, mtu wa kujisikia. Siku ya Idi alipita na farasi wake Rihi mbele ya watu. Akaivuta hatamu kwa nguvu, chuma cha mdomoni kikamuumiza mnyama, naye akapanua mdomo na kutoa ulimi. Watu wakacheka. Shekue akarudi nyumbani uso umemshuka, akaukaza mkanda wa pua, ule unaozunguka pua na taya, mpaka ukazama katika manyoya. Desturi ni kuacha nafasi ya vidole viwili, mnyama apate kutafuna na kulia. Shekue aliijua desturi hiyo, akaipuuza. Tangu hapo Rihi hakupanua mdomo, na watu wakamsifu kwa utulivu. Maumivu yalikuwa palepale.

Binti yake, Mwanakheri, alikuwa ameposwa na tajiri wa ng'ambo ya jangwa la chumvi, naye hakumtaka. Alilisema hilo mara moja tu. Babake akamjibu, "Sitaki kusikia neno lako tena mpaka nikufikishe." Ndiye Shekue huyo. Farasi na mwana aliwatibu kwa dawa moja.

Wakaondoka asubuhi, binti amekaa nyuma ya babake. Chini ya chumvi ile mlikuwa na matope yaliyokwisha kumeza watu wengi, na ilisemwa kwamba waliozama humo huazima sauti za wapitao. Farasi huwasikia kwanza, akalia, na mpandaji akageuza njia. Walipofika katikati, ukungu ukashuka, wasione hata masikio ya Rihi.

"Baba, pita kushoto."

Ilikuwa sauti ya Mwanakheri. Shekue akaudhika kwamba amevunja amri, lakini njia ilikuwa imempotea, basi akapita kushoto. Rihi akatikisa kichwa, akagoma. Akachapwa, akaenda.

"Kushoto tena, baba. Tumekaribia."

Ardhi ikawa laini. Mikono ya binti ikamfinya babake kiunoni, naye Shekue akasema, "Tulia." Mara Rihi akazama mpaka magotini, anahema kwa pua tu, macho yamemtoka.

Ndipo Mwanakheri alipomnong'oneza sikioni, "Baba, si mimi ninayesema."

Shekue akamuuliza, "Mbona hukuniambia?"

"Ulinikataza."

Na kutoka mbele, katika ukungu, sauti ileile ikasema, "Usimsikilize huyo, baba. Mimi niko huku."

Hapo, wajukuu zangu, baba mzazi hakumjua mwanawe. Sauti ni moja, na kugeuka kumtazama aliyemshika kiuno aliogopa. Aliyeweza kumwambia kweli ni farasi, na farasi alikuwa amemfunga mdomo kwa mkono wake mwenyewe. Akachomoa kisu, akainama, akaukata mkanda.

Rihi akapanua mdomo, akalia. Kule mbele pakanyamaza. Nyuma yao, mbali sana, farasi wa mjini wakamwitikia.

Shekue akashuka, akamshusha binti na kumshika mkono, Rihi akajikwamua, wakafuata milio ile. Lakini sauti nayo ikawafuata, inalia. "Baba, umeniacha. Baba, nirudie." Ilikuwa sauti ya mwanawe kabisa, na miguu ya Shekue ikaanza kusita.

"Sema, mwanangu," akamsihi binti. "Sema neno lolote, nisikie la kwako."

Mwanakheri akasema, "Sitaki kuolewa na mtu yule."

"Sema tena."

Akasema tena. Kila sauti ya nyuma ilipoita, Shekue alimwambia, "Sema," naye akalirudia neno lilelile, na babake akalishika kama kipofu anavyoshika fimbo, mpaka wakakanyaga nchi kavu, karibu na nyumbani kwao.

Posa ikarudishwa. Rihi alibaki na alama nyeupe puani hadi alipokufa, na Shekue hakumpanda tena bila kwanza kupitisha vidole viwili chini ya mkanda.

Basi kamwambieni mume wa shangazi yenu, akiuliza: ukikaza mkanda wa farasi, acha vidole viwili.