Pikipiki Zilizopita Zikisukumwa

Redio ilitangaza kuwa mafuta yameshuka bei duniani, lakini kituoni kwa Mzee Semboja petroli ilibaki juu vilevile. Kidawa, dereva wa bodaboda, akamuuliza atapunguza lini.

"Nina mzigo wa zamani, mwanangu. Acha uishe kwanza."

"Mbona ilipopanda ulipandisha siku hiyohiyo?"

"Ndiyo biashara. Ukitaka nenda kwa Shemdoe, kule mwisho wa mji. Bei yetu ni moja."

"Ahsante, mzee," akasema Kidawa kwa adabu.

Kesho yake asubuhi Semboja aliona bodaboda wakipita mbele ya kituo chake, wamezima pikipiki, wanazisukuma kuelekea kwa Shemdoe. Kidawa alikuwa wa mwisho, jasho linamchuruzika.

"Umeishiwa mafuta, nawe unanipita?"

"Mzee, si una mzigo wa zamani?"

Semboja akashusha bei palepale, kisha akampigia Shemdoe simu kwa hasira.

"Umeshusha bei bila hata kuniambia?"

"Wewe ndiye uliyeanza!" Shemdoe akafoka. "Tangu asubuhi bodaboda wananipita hapa wakisukuma pikipiki kuja kwako, ndiyo nami nimeshusha sasa hivi!"