Nguzo Iliyolia Kama Kengele

Kicheko ndicho kilichotangulia. Kilitoka nyuma ya ukuta wa mashine ya kusaga, kikapanda, kikakatika, kisha kikaanza upya. Bibi Perusi, aliyekuwa ndani akisubiri zamu yake, hakuwaona waliocheka, lakini alijua anayechekwa ni nani. Vijana wa kikundi cha ufugaji nyuki walikuwa wanachagua mwenyekiti, na Lameki, mwenye kigugumizi, alikuwa amesimama kuomba kura.

Bibi Perusi akatoka nje na ungo wake, vumbi la unga likiwa limemganda kwenye nyusi.

"Nguzo haiulizwi mlio," aliwaambia, "huulizwa mzigo."

Kicheko kikazimika. Msichana aitwaye Tabita akauliza, "Hiyo umeitunga sasa hivi, Bibi?"

"Nitunge mimi? Ningekuwa naimba redioni. Hiyo ilizaliwa hapa hapa Chilowe, nami nilikuwapo. Kaeni. Foleni ya mashine bado ndefu, na wewe Lameki usiondoke, hujashindwa bado."

Wakakaa. Naye akawaeleza methali hiyo ilikotoka.

Wakati huo nyumba zetu zote zilikuwa za tembe. Kuta ni miti iliyokandikwa udongo, na juu ni paa la bapa, miti iliyolazwa kisha ikafunikwa udongo mnene. Paa la namna hiyo ni zito. Mvua ikinyesha linakunywa maji, linakuwa zito zaidi. Mzigo wote unabebwa na nguzo, na kubwa kuliko zote ni nguzo ya kati. Adui wa nguzo ni mchwa. Mchwa wa Chilowe hapigi hodi. Anapita chini ya ardhi, anakula moyo wa mti, anaacha ganda, na mwenye nyumba anaendelea kutundika kibuyu chake papo hapo kila jioni.

Ndiyo maana wazee waliweka desturi ya kugonga nguzo. Kijana akitaka kuoa, alisimamisha nyumba kwanza. Kabla haijakandikwa, nguzo zikiwa bado wazi, mjomba wa binti alikuja na rungu la mpingo. Aliigonga nguzo ya kati, akaweka sikio. Ikilia *du*, mti umejaa, mjomba alisema, "Nyumba imeitika," na wanawake wakapiga vigelegele. Ikilia *pwaa*, mti una uwazi ndani, alisema, "Nyumba haikuitika," na kila mtu akarudi kwake na chungu chake. Aliyekataliwa hakupewa nafasi ya pili kwa binti yuleyule. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na hakuna aliyebishana nayo.

Mjomba aliyeogopwa kuliko wote katika kazi hiyo alikuwa Mzee Chilongani. Alikuwa na mpwa mmoja tu, Foibe, mtoto wa marehemu dada yake Raheli. Raheli alifia ndani ya nyumba yake. Paa lilimwangukia wakati wa masika, na Foibe akatolewa chini ya kifusi angali mtoto wa kubebwa. Tangu hapo Chilongani aligonga nguzo za watu kama anayemhoji mwizi.

Foibe alipokua, alichumbiwa na Ndahani. Huyu alikuwa ameondoka kijijini akiwa kijana, akajifunza uchomeleaji kwenye kambi ya wajenzi wa reli. Kambi ilipohama, alirudi na lori lililobeba paipu za chuma za mraba, gunia la boliti na nati, na spana mbili. Watu walidhani anafungua gereji.

"Najenga nyumba," alisema.

"Ya nani? Ya kuku?" akauliza jirani yake, Matonya.

"Ya Foibe."

"Basi kuku umempata."

Ndahani aliendelea kushusha paipu zake. Alikuwa na sababu zake. Miti minene ilikuwa imekwisha katika vilima vyetu. Aliyetaka nguzo ya mninga alienda mbali mno kuitafuta, na akiileta, mchwa walikuwa wanamsubiri. Chuma hawakili. Tena chuma ni chepesi kwa nguvu zake. Paipu ambayo mtu mmoja anaibeba begani inafanya kazi ya gogo la watu wanne. Alichimba mashimo, akamimina zege, akasimamisha paipu juu ya sahani za chuma ili miguu yake isiguse udongo, akazipaka rangi ya kuzuia kutu. Kisha yeye na rafiki zake wawili wakaziunganisha kwa boliti, na kabla ya wiki kwisha fremu nzima ilikuwa imesimama: nyembamba, imenyooka, unaona anga kupitia kila upande. Kijiji kiliita kitu hicho Mifupa. Mtu akiulizwa anaelekea wapi, anajibu, "Napita pale Mifupani."

Siku ya kugonga ikafika. Tulikwenda wengi, kwa maana tulitaka kuona. Mzee Chilongani alikuja na rungu lake, Foibe nyuma yake, wanawake wa ukoo na vyungu vyao. Mimi nilikuwa na ungo wa karanga. Akaingia ndani ya ile fremu, akatazama huku na huku.

"Kijana, nguzo ya kati iko wapi?"

"Haipo, Mzee. Chuma kinavuka kutoka ukuta hadi ukuta. Chumba chote kiko wazi."

"Nyumba isiyo na nguzo ya kati," Chilongani akasema, akitugeukia. "Haya. Na mtu asiye na uti wa mgongo atatembea."

Watu wakacheka. Akaifuata nguzo ya pembeni, akainua rungu, akagonga.

*Ngeeeee!*

Nguzo ile ililia hadi mabondeni. Mbwa wakabweka. Shuleni kwetu kengele ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa mtini, na mlio ulikuwa ule ule. Wanafunzi wakafungasha madaftari, wakatoka mbio kuelekea nyumbani, mwalimu akiwafuata kwa fimbo na kuapa kwamba hajagonga kitu. Tulicheka mpaka karanga zangu zikamwagika.

Chilongani hakucheka. Aliweka sikio kwenye chuma, akasikiliza mlio unavyokufa polepole. Kisha akasimama wima.

"Ni tupu," akasema. "Nimegonga nguzo maisha yangu yote, sijawahi kukuta iliyo tupu kama hii. Nyumba haik…"

"Mjomba, usimalize," Foibe akasema.

Siku hizo binti hakumkatiza mjomba. Haikuwahi kutokea. Shangazi yake alimvuta kwa kanga, naye akaiachia kanga, akasogea mbele.

"Mjomba, nyumba ya mama uliigonga?"

"Foibe."

"Nauliza tu. Baba aliibadilisha nguzo ya kati kabla ya masika yale, akakuita. Uliigonga?"

"Niliigonga."

"Ililiaje?"

Mzee Chilongani aliliangalia rungu lake.

"Ililia *du*," akasema.

"Na mlipoitoa kwenye kifusi, ndani ilikuwa na nini?"

Hilo hakuna aliyewahi kumwuliza. Yeye ndiye aliyeibeba nguzo ile peke yake na kwenda kuitupa korongoni, na hakuruhusu mtu amsaidie.

"Udongo," alisema mwishowe. "Mti ulichaguliwa vibaya, ulikuwa na mchwa tangu porini. Walikuwa wamekula moyo wote. Mchwa akila mti, anapopita anajaza udongo. Ulikuwa umeshindiliwa kama ukuta. Ndiyo maana ulilia kama mti mzima." Akaligusa sikio lake. "Sikio langu halikunidanganya. Lilisikia kilichokuwamo."

"Basi ile ilikuwa imejaa, na ilimwua mama. Hii ni tupu. Itafanya nini?"

"Sijui," akasema Chilongani.

Naamini hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka neno hilo mbele ya watu.

Ndahani, ambaye mpaka hapo alikuwa amesimama na spana mkononi, alisema, "Mzee, hii haikuliwa na kitu. Imetengenezwa hivyo. Hata mwanzi ni mtupu."

"Mwanzi haubebi nyumba, kijana."

"Ndiyo, Mzee. Basi ibebeshe."

Chilongani akafikiri. Tulidhani atakasirika, maana kijana alikuwa amemjibu mbele ya wakwe. Badala yake alituamuru tulete mbao na kuzilaza juu ya fremu. Kisha akaongeza jambo ambalo hatukulitarajia.

"Gofu la dada yangu liko pale. Udongo wa paa lake bado umelala ulipoangukia. Uleteni. Wote."

Hakuna mtu aliyekuwa ameugusa udongo ule tangu mazishi. Majani yalikuwa yameota juu yake. Wanaume wakachukua majembe na karai, wanawake tukachukua vyungu tulivyokuja navyo kwa sherehe, tukamwaga togwa pembeni, tukaanza kubeba. Matonya aliyetania habari za kuku alibeba kuliko wote. Ndahani na wenzake walipanda juu, wakapokea na kutandaza. Jua lilipokuwa limeinama, paa la Raheli lote lilikuwa juu ya Mifupa.

"Bado," akasema Chilongani. "Siku ile mvua ilikuwa imenyesha. Lowesheni."

Maji Chilowe si kitu cha kumwaga. Tuliyamwaga hata hivyo, tukiteka kisimani na kupokezana ndoo, mpaka udongo ukashiba na matone meusi yakaanza kupenya kati ya mbao. Kabla udongo haujapanda, Ndahani alikuwa amefunga uzi kutoka nguzo hadi nguzo chini ya boriti za chuma, ili kila mtu aone kama zinapinda. Sasa akaingia, akasimama katikati ya chumba, mahali ambapo nguzo ya kati ingekuwa.

Foibe akamfuata.

"Toka!" Chilongani akapiga ukelele. Sauti ilimpasuka. "Foibe, toka humo! Nilikutoa mara moja, sina mikono ya kukutoa tena!"

"Sitoki, Mjomba. Inayoulizwa ni nguzo. Iache ijibu."

Tukangoja. Paa la mti, kabla halijaanguka, hulalamika kwanza: linakatika nyuzi moja moja, unasikia. Hili halikutoa sauti yoyote. Kile chuma kilichopiga kelele kilipoguswa kwa rungu, kilipobebeshwa mzigo kilinyamaza. Matone yaliwadondokea wale wawili mabegani. Uzi wa Ndahani ulikuwa pale pale, na kati yake na boriti hakukuwa na badiliko ambalo jicho lingeliona.

Mzee Chilongani alizunguka fremu yote, nguzo kwa nguzo. Kila moja aliiwekea kiganja, si rungu. Alipofika mlangoni alisimama. Tulimwona akivua kofia, akainama kana kwamba kuna kizingiti, ingawa hakukuwa na kitu cha kuinamia, akaingia chini ya udongo uliomwua dada yake. Akanyanyua uso. Tone likamwangukia kwenye paji. Hakulipangusa.

Kisha akalishika rungu la mpingo kwa mikono miwili, akalilaza chini.

"Nimekuwa nikiiuliza nguzo swali lisilo lake," akasema, na ingawa hakupaza sauti sote tulimsikia. "Nguzo haiulizwi mlio. Huulizwa mzigo."

Neno hilo tuliondoka nalo siku hiyo. Kesho yake lilisemwa kisimani, na baada ya hapo likawa la kila mtu. Likatumika kwa nguzo, kisha kwa ng'ombe wa kukokota jembe, kisha kwa watu: kwa mwenye sauti nene ambaye msibani haonekani, na kwa yule ambaye akifungua mdomo mnacheka, lakini mkimpa kazi haianguki.

Ila Chilongani siku ile alikuwa hasemi na sisi. Alimshika Foibe mkono, matope yakiwatiririka wote wawili, akamwambia:

"Mama yako nilimwingiza ndani ya nyumba kwa sababu ya mlio. Wewe nakuingiza kwa sababu nimeuona mzigo. Udongo huu tutaushusha, na hautapanda tena juu ya kichwa cha mtu wa ukoo wetu. Nitamsaidia mumeo kupigilia bati mimi mwenyewe. Na mvua ya kwanza ikinyesha, mwanangu, nakuahidi mbele ya watu hawa wote: nitakuja kulala humu."