Majaribio Arobaini, Ajira Moja

Sogeeni karibu. Nina fundo hapa, na kucha zangu mwenyewe zimeshindwa kulifungua.

Morogoro, katika ofisi moja ya ghorofani, walikuwepo waandishi watatu wa programu za kompyuta, wote vibarua. Zamda alijaliwa kushuku. Ukimwambia kumekucha, atafungua dirisha ahakikishe. Tumsifu alijaliwa subira. Kashinje alijaliwa kumbukumbu ya nani aliandika nini, na lini. Mwenye ofisi, Mama Mbena, alikuwa na nafasi moja tu ya ajira ya kudumu. Alisema ataitoa siku programu yao ya kukadiria dozi za watoto itakapokwenda hospitali.

Siku ikafika. Hospitali ingeiwasha saa sita mchana. Saa tatu asubuhi majaribio yote arobaini ya kuipima programu yalipita, Mama Mbena akasema itumwe.

Zamda akagoma. Kabla ya kila jaribio, kompyuta ilitakiwa kufanya maandalizi: kumfuta mgonjwa aliyetangulia na kumweka mwingine na kilo zake, kama unavyoosha sufuria kabla ya kupika kingine. Zamda akaandika ndani ya maandalizi hayo amri ya kusimamisha kila kitu. Hakuna kilichosimama, yote arobaini yakapita tena. Maandalizi hayakuwa yakifanyika kabisa, na kila jaribio lilimpima mtu mzima yule yule wa kilo sitini. Hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa amepimwa.

Saa nzima ikapotea kwa kubahatisha. Kompyuta zikazimwa, zikawashwa, wapi! Ndipo Tumsifu akavuta kiti. Akatoa faili moja, akajaribu kama amri ya Zamda sasa itasimamisha kitu. Akatoa lingine, akajaribu. Mama Mbena alisimama nyuma yake akitazama saa, Tumsifu hakugeuka. Saa tano na robo likabaki faili moja dogo ambalo mengine yote yalilipitia. Kosa lilikuwa humo, ila alilisoma mara tatu asilione.

Kashinje aliliona. Angenyamaza, nani angejua?

“Ni mimi,” akasema. “Sisi huandika maandalizi kwenye faili kuu, mengine yanayachukua humo. Wiki iliyopita nikaandika yangu humu, kwa jina lile lile, nikasahau kuiagiza kompyuta ifanye kwanza yale makuu. Kompyuta inafuata yangu, makuu inayaruka.”

Wakaongeza mstari mmoja wa agizo hilo, wakaiondoa amri ya Zamda. Jaribio la saba likaanguka papo hapo: mtoto wa kilo tatu alikuwa amepewa dozi ya mtu mzima. Walirekebisha, majaribio yakapita, programu ikatumwa saa sita kasoro dakika nne.

Zamda akasema bila yeye ingeshatumwa. Tumsifu akasema bila yeye wangekuwa bado wanazima kompyuta. Kashinje hakudai kitu. Wengine ofisini wakamtetea, kwamba msema kweli mpenzi wa Mungu. Wengine wakauliza tangu lini aliyetoboa paa akatuzwa kwa kuonyesha tundu.

Mama Mbena ana fomu moja mbele yake. Mimi kila nikimpa mmoja, naona wawili nimewadhulumu, na usingizi wenyewe sipati. Haya, kalamu nakukabidhi wewe: ungeandika jina la nani?